Bi Glenda Kaenda Dansi Peke Yake

Saa kumi na moja na nusu jioni, Jumatano moja ya mwezi wa pili, Glenda Dockray alikuwa amekwisha kuipiga pasi blauzi yake ya zambarau na kupaka rangi kucha za mkono mmoja, simu ikalia. Alikuwa rafiki yake Pauline.

"Shoga, usinichukie," Pauline alisema.

"Umefanya nini?"

"Si mimi, ni mbwa. Kameza soksi."

"Soksi nzima?"

"Nzima, tena ya mume wangu Derek, ya kazini, hata haijafuliwa! Daktari wa mifugo kasema nimpeleke sasa hivi. Glenda, naapa nilikuwa nimeshavaa hereni."

"Basi vua hereni, umpeleke mbwa," Glenda akasema. Akacheka, akamtakia mbwa afya njema. Simu ilipokatika, kicheko nacho kikakatika. Akakaa ukingoni mwa kitanda, kucha tano zina rangi na tano hazina.

Haya ya chumbani, na mengine ya mwanzo wa jioni ile, nayajua kwa sababu kanisimulia mwenyewe. Ya baadaye hakuna aliyenisimulia. Nilikuwepo.

Hapa Barrow, mji wetu wa kaskazini mwa Uingereza, hakuna asiyemjua Bi Glenda. Mwaka ule alikuwa ametimiza miaka ishirini na saba akivusha watoto wa shule pale njia panda, na koti lake la njano linalong'aa na kile kibao cha duara kwenye mti mrefu. Akiinua mkono, lori la tani arobaini linasimama, na dereva hapigi hata honi. Lakini mwanamke huyohuyo alikuwa hajawahi kuingia baa peke yake, wala sinema, wala kuketi mgahawani akanywa chai bila mtu wa kumtazama usoni. Hakuolewa. Alikaa na mama yake mpaka mama akafariki, na starehe zake zote alizifanya kwa kufuata mkia wa mtu: mtu akienda, naye huenda, mtu akighairi, naye hubaki nyumbani.

Na kulikuwa na lile la Copper Duchess. Hiyo ilikuwa bendi ya ujana wake, watu wanne kutoka Hull, mwimbaji wao mwanamke mwenye nywele za rangi ya shaba. Glenda alikuwa na sahani zao zote. Mwaka 1984 walikuja kupiga Preston, mwendo wa treni tu kutoka kwetu, naye akiwa na miaka ishirini na moja akanunua tiketi mbili, yake na ya binamu yake Yvonne. Siku yenyewe Yvonne akaamka mashavu yamevimba kwa matubwitubwi. Mama yake Glenda akasimama mlangoni akasema, "Msichana peke yake kwenye treni, usiku, kuwafuata wapiga magitaa? Watu watasemaje?" Glenda akavua viatu. Mwaka uliofuata bendi ikavunjika, kila mtu akashika njia yake, na hawakurudiana tena.

Miaka thelathini na minne baadaye wakatokea hawa Copper Butchers. Ni bendi ya huku huku kwetu, inapiga kopi za Copper Duchess wala haipigi kitu kingine. Jina ni la utani. Duchess ni mke wa bwana mkubwa, butcher ni mwenye bucha, na hawa ni ndugu watatu wenye bucha kijijini Dalton, pamoja na mwalimu mmoja wa hesabu anayepiga kinanda. Tangazo lao la dansi ya usiku ule lilikuwa limebandikwa dirishani mwa klabu yetu tangu Krismasi. Glenda alikuwa akilipita kila asubuhi, na kila asubuhi akilisoma lote, kana kwamba tarehe ingeweza kubadilika.

Basi akakaa pale kitandani. Mwaka ule mashavu ya Yvonne, mwaka huu soksi ya Derek. Akaitazama ile blauzi imening'inia mlangoni. Akasema kwa sauti, na chumbani hamna mtu, "Potelea mbali. Naenda." Kisha akamalizia kucha za mkono wa pili, haraka haraka mpaka rangi ikapita kwenye ngozi.

Klabu ya Hoggarth iko hivi: chini kuna baa na chumba cha michezo, juu kuna ukumbi wa dansi. Chini ya ngazi huketi Wilf, katibu wa klabu, na meza yake na muhuri wake. Wilf ameketi pale tangu nikiwa mtoto.

"Wawili?" Wilf akauliza bila kuinua macho.

"Mmoja."

Hapo akainua macho. "Pauline yuko wapi?"

"Mbwa wake kameza soksi."

"Kwa hiyo uko peke yako?"

"Peke yangu, Wilf. Nigonge huo muhuri kabla sijageuza miguu."

Akagongwa muhuri mkononi, akapanda ngazi mbilimbili kama msichana. Juu kulikuwa na viti themanini na watu tisa. Wanaume wawili wenye fulana kuukuu za aina moja walikuwa wakibishana mwaka gani mpiga ngoma wa Copper Duchess alinyoa ndevu. Mama mmoja alikuwa anafuma sweta. Wazee wawili, wazazi wa wale ndugu wa bucha, walikuwa wamekaa nyuma kabisa karibu na hita na makoti yao mwilini. Glenda akajinunulia shandi, bia iliyochanganywa na soda, akakaa meza ya mbele kabisa. Akaona yuko mbele mno, akahamia ya katikati. Akaona kutoka pale kinanda kinazibwa na nguzo, akarudi mbele. Mama mwenye sweta akamwambia, "Kaa hapohapo, mpenzi, utachosha viti."

Akakaa. Mbele yake vyombo vilikuwa vimekwisha pangwa: magitaa kwenye vishikizo vyake, na ngoma kubwa iliyochorwa taji la shaba, mstari wake mmoja umepinda kwa sababu, nilikuja kuambiwa, ulichorwa jikoni. Glenda alilitazama lile taji, goti lake likaanza kucheza lenyewe chini ya meza. Shandi hakuigusa.

Saa mbili kasoro dakika tano Wilf akapanda, akauhesabu ukumbi kwa kidole.

"Kumi," akasema. "Jamani, poleni. Mnaijua sheria ya kamati. Ukumbi wa juu hauwashwi kwa watu chini ya thelathini. Ikigonga saa mbili na robo hawajatimia, nazima hita, na bendi inarudi kwao."

"Lakini sisi tumeshakuja!" akasema mmoja wa wale wa fulana.

"Mmekuja kumi."

"Kuna mpira kwenye televisheni leo, Wilf, na mvua, na fainali ya vishale hapo chini. Ungetegemea nini?"

"Sikutegemea kitu," Wilf akasema. "Mimi nahesabu tu." Akashuka.

Glenda akaenda msalani, maana alihisi machozi yanamjia na hakutaka kulia mbele ya mtu anayefuma. Akakuta msala una mwenyewe. Mbele ya kioo alisimama mwanamke mrefu wa miaka kama arobaini hivi, mwenye mikono minene ya kukatia mbavu za ng'ombe, anahangaika kubana wigi la rangi ya shaba. Pini ziko mdomoni. Alikuwa Kerry-Ann Askew, mwimbaji.

"Hii ni mara ya tatu," Kerry-Ann akasema na pini zake, kana kwamba wamejuana miaka. "Kule Millom walikuja watu wanne, na mmoja ndiye mwenye ukumbi. Kaka zangu wamesema leo ikivunjika basi, gitaa linauzwa, wanarudi kwenye soseji zao."

"Hawawezi kusema hivyo."

"Wameshasema. Na leo ndiyo tulikuwa tupige ule mrefu. Ule wa mwisho, upande wa pili wa sahani yao ya mwisho. Miezi minne tumeufanyia mazoezi kwenye chumba cha baridi cha kuhifadhia nyama, tumevaa makoti."

Glenda akashika ukingo wa beseni. "Ule wa dakika kumi na moja?"

Kerry-Ann akazitoa pini mdomoni. "Wewe unaujua?"

"Naujua? Mwanangu, mimi nimeoshea vyombo wimbo ule tangu uko darasa la kwanza. Lakini sijapata kuuona ukipigwa. Hata wao wenyewe hawakuwahi kuupiga jukwaani. Walivunjika kabla."

"Basi hata leo hutauona," Kerry-Ann akasema, na wigi likateleza likamwangukia jicho moja.

Glenda akamwekea sawa. Akambana pini mbili nyuma ya sikio. "Usivue," akamwambia. "Nipe dakika kumi."

Alipotoka pale hakuwa anajua anakwenda wapi. Miguu ilishuka ngazi, ikampita Wilf, ikampeleka mpaka mlangoni mwa chumba cha michezo.

Na hapo ndipo mimi naingia. Nilikuwa nimesimama kando ya ubao na chaki mkononi, nikiandika pointi. Ilikuwa fainali ya ligi ya kurusha vishale, sisi na watu wa kijiji jirani cha Askam, chumba kimejaa watu karibu thelathini. Curtis Rigg wetu, mchomeleaji wa kule wanakounda meli, jitu lenye ndevu mpaka kifuani, alikuwa amesimama kwenye mstari, jicho moja limefungwa. Wakati kama huo hata kukohoa ni dhambi.

"Samahani," sauti ikasema mlangoni.

Hakuna aliyegeuka.

"Samahani jamani."

Nahodha wa Askam, mzee mkavu aitwaye Bernard, akatoa sauti ya nyoka: "Ssss!"

Nami nikageuka, nikamwona Bi Glenda na blauzi yake ya zambarau, uso mwekundu kama kiazi sukari. Akavuta pumzi. Kisha akanyoosha mkono juu, kiganja wazi, vidole vimebanana. Sijui kama alijua anafanya nini. Lakini nusu ya watu mle ndani walivushwa barabara na mkono ule kila siku kwa miaka sita, asubuhi na mchana, na chumba kizima kikaganda. Curtis akateremsha kishale chake.

"Bi Glenda?" akasema, na sauti ya lile jitu ilikuwa ya mtoto wa darasa la kwanza.

"Curtis Rigg," akasema. "Nina koti nyumbani mkono mmoja mrefu kuliko mwingine kwa jinsi ulivyokuwa ukiuning'inia."

Watu wakaangua kicheko. Curtis akacheka pia, masikio yakamwiva.

"Sina muda, kwa hiyo nisikilizeni," Bi Glenda akasema. "Juu kuna bendi. Wasipotimia watu thelathini kabla ya saa mbili na robo, Wilf anawafukuza. Tuko kumi. Nataka ishirini kutoka humu."

"Bendi gani?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Copper Butchers."

"Wale wa bucha ya Dalton? Soseji zao nzuri sana."

"Basi na nyimbo zao utazipenda."

"Lakini Bi Glenda," akasema Curtis, "nyimbo zenyewe zilipigwa kabla sijazaliwa."

"Hata barabara ilijengwa kabla hujazaliwa, na ukaivuka."

Hapo nikacheka mpaka chaki ikanivunjikia. Bernard wa Askam yeye hakucheka. Yeye alikulia Askam, hakuvushwa na mtu.

"Mama," akasema, "mimi nakuheshimu. Lakini hii ni fainali."

"Mapumziko yenu ya kula ni saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu."

Glenda akageukia dirisha la jikoni. "Pai zimeiva?"

"Zimeiva zinaungua!" mpishi akajibu.

"Basi mle sasa hivi, mle juu. Mapumziko ni mapumziko, mzee wangu, hayajali yameanza saa ngapi."

Bernard akatazama saa, akamtazama Curtis, akatazama pai zinazotoka dirishani na njegere zake za kupondwa. Njaa ilikuwa upande wetu. "Nusu saa," akasema, kidole juu. "Hata dakika isizidi."

"Nusu saa," Bi Glenda akasema.

Ungeona msafara ule! Tulipanda ngazi mstari mmoja, kila mtu na sahani yake na uma mfukoni, watu wa Askam na wa Barrow wamechanganyika, Bi Glenda mbele. Pale juu Wilf akatandaza mikono kwenye mlango.

"Chakula hakipandi juu! Zulia hili ni la mwaka tisini na mbili!"

"Wilf," Bi Glenda akasema, "hesabu watu, usihesabu sahani."

Wilf akashusha mikono. Akahesabu. "Thelathini na sita," akasema kwa uchungu. Akatazama saa. Ilikuwa saa mbili na dakika kumi na mbili.

Pazia la pembeni likasogea kidogo, tukaona jicho moja na kishungi cha nywele za shaba. Tukasikia mtu nyuma ya pazia akisema, "Dougie! Dougie, weka chini hiyo soseji, kuna watu!"

Wakatoka. Taa zikazimwa, moja ya rangi ya machungwa ikawashwa.

Sitadanganya: wimbo wa kwanza ulikuwa balaa. Kipaza sauti kilipiga mbinja mpaka mama wa sweta akaacha kufuma akaziba masikio. Dougie, yule ndugu mpiga ngoma, alikuwa anakimbia kama anafukuzwa na polisi, na ndugu yake wa besi anamfukuzia nyuma. Sisi tukainamia pai zetu kwa adabu. Nikamtazama Bi Glenda. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, mikono imefumbatana, anatabasamu kama mtu aliyepewa gari.

Wimbo wa pili ukakaa sawa. Kwenye wa tatu Kerry-Ann akafumba macho, akaachia sauti. Sauti nene, yenye mkwaruzo, ilitoka kwa yule mwanamke wa bucha ikapita juu ya vichwa vyetu ikagonga ukuta wa nyuma ikarudi. Nilikuwa na uma njiani kuelekea mdomoni, ukabaki palepale. Curtis akaniegemea sikioni akasema, "Huyu ndiye aliyenipimia maini Jumamosi?"

Lakini uwanja wa kuchezea ulikuwa mtupu. Unajua tulivyo huku kwetu. Tunapenda muziki kwa kuukunjia mikono. Kati ya meza na jukwaa palikuwa na mbao tupu zinazong'aa, upana wa hatua kumi, na hakuna ambaye angekuwa wa kwanza hata kwa kulipwa.

Bi Glenda aliniambia baadaye kwamba pale ndipo alipoogopa kuliko siku zote za maisha yake, kuliko hata siku ile breki za gari la maziwa zilipokatika. Goti linacheza, kisigino kinagonga sakafu, na kichwani sauti inamwambia watu watasemaje. Akainuka. Akainama akavua viatu, akavisukuma chini ya meza, maana visigino vilikuwa vipya na hakuviamini. Akaenda mpaka katikati ya mbao zile na soksi zake.

Mwanzoni alicheza viwiko vimebanwa mbavuni. Mtu aliyecheza jikoni miaka thelathini na minne, kati ya friji na kabati, viwiko vyake vimezoea kujilinda. Akazunguka hivyo mara moja, mara mbili. Kisha nadhani mwili ulitambua kwamba hapa hakuna kabati. Viwiko vikafunguka. Mikono ikapanda juu. Nywele alizozitengeneza mchana kutwa zikamwagika upande mmoja, wala hakuzishika. Alikuwa anacheza, wallahi, macho yamefumba, mdomo unaimba, na jasho linamtoka kama kijana.

"Haya, mama!" Dougie akapiga kelele kutoka kwenye ngoma, na kwa mara ya kwanza akapiga kwa mwendo wa mtu mwenye akili timamu, kwa sababu alikuwa anafuata miguu yake.

Wale wawili wa fulana wakainuka. Halafu mama wa sweta. Halafu Curtis akaweka sahani yake chini, kwenye zulia, Wilf akafumba macho. Mimi nilikwenda wa sita au wa saba. Sikumbuki niliamuaje.

Tulikuwa katikati ya kelele hizo Bernard alipopita mpaka mbele ya jukwaa na saa yake mkononi. Wimbo ukaisha.

"Nusu saa imekwisha," akasema.

Kerry-Ann akashika kipaza sauti. Wigi limekaa upande, uso umelowa. "Mzee," akasema, "tumebakiza mmoja ambao hatujawahi kuupiga mbele ya watu. Hakuna aliyewahi kuupiga mbele ya watu. Ni wa dakika kumi na moja."

"Kumi na moja?"

"Na sekunde arobaini," akasema mwalimu wa hesabu kutoka kwenye kinanda.

Bernard akatutazama. Watu wake wa Askam walikuwa wametapakaa uwanjani, wamevua masweta, mmoja amemshika kiuno mtu wa Barrow ambaye saa moja iliyopita alikuwa akimwita mwizi wa pointi. Mzee akashusha pumzi, akavuta kiti, akakaa palepale mbele kabisa. "Pigeni basi! Mnachelewesha watu."

Wimbo ule huanza na kinanda peke yake, taratibu, kama mtu anayepanda ngazi gizani. Besi ikaingia. Bi Glenda hakucheza. Alisogea mpaka jukwaani kabisa, akaweka viganja vyake juu ya mbao za jukwaa, akainua uso. Kerry-Ann akaimba ubeti wa kwanza kwake yeye. Ngoma zikaingia kwa kishindo, nikahisi sakafu inanipanda mpaka kwenye magoti, na gitaa la mwalimu, maana sasa alikuwa ameacha kinanda akashika gitaa, likalia vile ambavyo sikutegemea mwalimu wa hesabu aweze kuliza gitaa.

Kwenye ubeti wa tatu nikaona kitu. Kerry-Ann alifungua mdomo, na macho yake yakawa meupe. Maneno yamemtoka. Miezi minne ya mazoezi ndani ya chumba cha baridi, yote yamekwenda. Akatazama chini. Pale chini Bi Glenda alikuwa anaimba kimyakimya, kila neno midomoni, kama anavyoimba anapoosha vyombo. Kerry-Ann akainama, akapiga goti moja mbele yake, akamsoma midomo. Ubeti mzima. Neno likitoka kwa Bi Glenda bila sauti, linatoka kwa Kerry-Ann na sauti kubwa, nyuso zao hazina hata hatua moja kati yake. Watu walidhani ni mbwembwe za jukwaani, wakapiga miluzi. Bi Glenda mwenyewe hakujua. Mpaka leo anasema yeye ndiye aliyekuwa anafuata.

Wakafika mwisho, pale vyombo vyote vinapopanda pamoja na kukatika ghafla. Vikakatika. Halafu ukumbi ukalipuka. Tuligonga meza, tuligonga sahani, wazazi wa ndugu wale walikuwa wamesimama juu ya viti wakiwa na makoti yao, na baba mtu analia waziwazi. Bernard alikuwa anapiga makofi kwa utaratibu, uso mkavu vilevile, lakini hakuacha.

Hakuna aliyeshuka chini. Bendi ikapumzika kidogo, ikapiga tena nyimbo nane, na watu waliokuja baa kutazama mpira wakaanza kupanda ngazi mmoja mmoja kuuliza kuna nini. Wilf aliwahesabu mpaka sitini na nne akaacha, akaenda kusimama kando ya spika na kutingisha kichwa kidogo, kulia, kushoto. Fainali tuliimaliza saa nne na nusu, masikio yanalia, nami sikuweza kusikia pointi nikazisoma midomoni mwa watu. Askam walitushinda. Curtis anasema mikono yake ilikuwa bado inacheza.

Mimi na Bi Glenda tukawasaidia kushusha vyombo mpaka kwenye gari la bucha. Mvua ilikuwa imekoma, upepo wa baharini unakata. Yeye alibeba ile ngoma yenye taji, ameikumbatia, hakumpa mtu.

"Mnapiga wapi tena?" akamuuliza Kerry-Ann.

"Ulverston, Alhamisi ya wiki ijayo. Ukumbi mkubwa kuliko huu." Kerry-Ann akavua wigi, akajikuna kichwa kwa raha. "Sijui kama watakuja watu."

"Mmoja keshakuja," Bi Glenda akasema. "Basi la saa kumi na mbili linafika mapema, nitakaa kiti cha mbele niwasikilize mkijaribu sauti. Na kile kipaza sauti chenu kisogezeni mbali na spika, ndicho kilichokuwa kinapiga mbinja."

"Unajua na mambo ya vipaza sauti?"

"Sijui kitu. Niliona tu."

Dougie akafungua mlango wa nyuma wa gari. Ngoma ikaingia mwisho, katikati ya masanduku ya barafu. Kisha akamshikisha Bi Glenda kifurushi cha soseji, akasema asikatae, naye hakukataa. Nikamuuliza kama nimsindikize nyumbani. Akaniambia asante, hapana, anataka kutembea kidogo. Akaondoka akiwa amefungua koti kifuani, katika baridi ile, anaimba ule ubeti wa tatu kwa sauti yake yote, na kwenye nyumba ya pembeni mtu akafungua dirisha, akachungulia, akamwona ni nani, akalifunga taratibu.